Steshenari ya Ngamiani yenye benchi la bluu: kama unaandika na uko Tanga, peleka kazi yako pale

Wadau wa kuandika mlioko Tanga na mnaopita Tanga, leo nataka niizungumzie steshenari moja iko Ngamiani huku kwenye barabara za namba. Haina jina, kibao cha juu ya mlango kimeandikwa huduma tu, taipu, printi, kopi, skani, pasipoti saizi, basi, kama steshenari kibao za mjini, ila ukiulizia steshenari yenye benchi la bluu utaonyeshwa, wenyeji wa mitaa ile wanaijua. Mie naipa nyota tano kati ya tano na ntaeleza kwanini, mapungufu yake pia ntayasema maana yapo.

Kwanza mjue ni mtu wa aina gani anayewaambia. Mchana nauza duka la vifaa vya ujenzi, misumari, bawaba, rangi, saruji, usiku naandika. Naandika kwa mkono kwenye kaunta buku za kwaya mbili, hadithi fupi na mashairi, na riwaya moja naisukuma polepole kila watoto wakishalala. Laptop sina, na kutaipu riwaya kwenye simu ni kazi ya kuumiza macho, yaani ukiandika wali simu inakuandikia wall, unafuta unarudia, mpaka unamaliza aya moja lile ulilokuwa nalo kichwani limeshaondoka. Kwahiyo mtu kama mie inafika siku lazima umkabidhi mtu mwingine daftari lako akutaipie. Na kumpa mtu daftari ambalo hata wa ndani ya nyumba hawajalisoma si jambo dogo jamani, sasa kuna sehemu ukifika analichukua kama umeleta barua ya kuomba likizo, analifungua katikati, anauliza "kurasa ngapi hizi?", bei, kesho jioni njoo uchukue.

Nimepitia hizo sehemu. Kuna moja (jina silitaji) niliwapa mashairi nikarudishiwa kitu ambacho mwenye kujua ushairi angelia. Shairi letu hili la kawaida mnalijua, ubeti una mishororo minne, kila mshororo mizani 16, yaani silabi, nane za ukwapi (nusu ya kwanza) nane za utao (nusu ya pili), na vina, zile silabi zinazolingana, vya kati na vya mwisho. Sasa shairi likipangwa vizuri vile vina vya kati vinashuka chini vimenyooka, jicho linaviona kabla hata hujasoma. Wale walinitaipia mstari kwa herufi za saizi kubwa mpaka haukuenea kwenye karatasi, utao ukadondoka chini peke yake, mishororo minne ikawa minane, vina vikatawanyika kama kuku walioona mwewe. Nikauliza, nikaambiwa "si maneno yako yote yapo lakini?" Yapo ndio.

Pale kwenye benchi la bluu dada anayetaipu alifanya kitu sijawahi kukiona sehemu nyingine. Alichukua daftari, akakaa nalo, akasoma kurasa mbili tatu za mwanzo kimya kimya kabla hajagusa kibodi, alafu akaniuliza, "Kaka, haya mashairi unataka yakae kitabuni au unayapeleka mahali?" Nikamwambia nataka nione yamekaaje kwanza. Akafungua faili, akaweka tabo katikati ya ukurasa ili kila utao uanzie sehemu moja, akapunguza saizi ya herufi kidogo, akaniita nikaangalie ubeti mmoja kwenye skrini kabla hajaendelea. Ukwapi huku, utao kule, vina vimesimama. Wallahi nilifurahi, unajua kuona kazi yako imevaa nguo yake ni kitu kingine kabisa.

Na ana utaratibu ambao natamani steshenari zote ziuige. Neno asilolisoma vizuri kwenye mwandiko wako halibuni. Anaacha nafasi, anaipaka njano, anaendelea mbele, ukija mnakaa mnapitia za njano zote kwa pamoja, "hapa umeandika nini kaka, pwaya au pwaga?", unamwambia, anaandika. Na kompyuta ikipiga mstari mwekundu chini ya neno la huku kwetu haligusi. Nina hadithi ya wavuvi, imejaa bamvua, maji mafu, matanga, demani, kompyuta ikawaka nyekundu ukurasa mzima, yeye akaacha kila kitu vilevile nilivyoandika. Nilimuuliza kama anayajua yale maneno akasema mengine anayajua mengine hayajui, ila babu yake alikuwa mtu wa ngalawa na hawezi kuiachia mashine imfundishe bahari. Hilo jibu peke yake kwangu ni nyota moja.

Sasa tuje kwenye benchi, maana ndo sababu kubwa ya mie kuandika yote haya.

Benchi liko nje chini ya kibaraza, ni la mbao, bluu ya mashua, linakaa watu watano wakibanana. Foleni ikiwa ndefu watu wanakaa pale kusubiri. Na pale ukutani kuna msumari umefungwa kamba, kwenye kamba kuna penseli, na juu ya benchi kunakuwa na kazi ya mtu iliyobaindiwa spairo, wiki hii ya huyu, wiki ijayo ya yule. Dada anaiita nakala ya benchi. Anakuomba ruhusa kwanza, ukikataa yamekwisha hakununii, ukikubali anatoa nakala moja bila kukutoza, sura moja tu au hadithi moja au mashairi machache, haweki jina lako kama hutaki, anaiacha pale, watu wanaosubiri wasome na mwenye neno aandike pembeni kwa penseli.

Nilivyokubali ya kwangu ikae pale nilikuwa napita kila jioni nikitoka dukani, nanunua karatasi, nalipia kopi ya kitu chochote, nakaa pembeni kama mteja mwingine. Siku moja kuna kijana wa bodaboda alikuja kuprintiwa mkataba na tajiri wake, akaichukua hadithi yangu kuzugia tu. Ni hadithi ya baba aliyepanda meli bandarini akamwacha mtoto wa darasa la pili, wanaambiwa atarudi. Nikamwangalia anavyosoma, kidole kinafuata mstari, simu yake inaita anaiangalia anairudisha mfukoni. Dada akamwita, "mkataba wako tayari." Hajainuka. Akafika mwisho wa zile kurasa zilizowekwa, akageuza kuona kama kuna nyingine nyuma, hakuna. Akainuka akaenda dirishani akauliza, "Dada, huyu baba anarudi?" Dada akamwambia "kurasa zilizobaki hazijawekwa hapo, mpaka mwenyewe aridhie." Akaniangalia mie kidogo, nikatikisa kichwa kukubali. Akamwambia zipo nne, printi mia mbili kila moja. Yule kijana akatoa elfu akasema chenji kaa nayo, akazikunja akaziweka ndani ya koti pamoja na mkataba, akawasha pikipiki akaondoka. Hakujua kama mwandishi amesimama pale pembeni yake, wala sikumwambia. Mie nimeandika muda mrefu jamani lakini kuona mtu asiyekujua, hana sababu ya kukufurahisha, anatoa hela yake ya mafuta ajue kama mtu uliyemtunga kichwani atarudi nyumbani, hiyo sijui niieleze vipi.

Kuna jioni nyingine bi mkubwa mmoja alikuja kutoa kopi ya kitambulisho, akaona binti wa sekondari anasoma pale kwenye benchi, akamwambia "hebu soma kwa sauti mwanangu, mie miwani sina." Binti akaanza kusoma kwa sauti, watu watatu wanne wakanyamaza wanasikiliza. Kama wewe unaandika naomba utafute nafasi ya kusikia maneno yako yakisomwa na mtu ambaye hajui kama uko hapo. Unasikia kila kitu. Unasikia anapovuta pumzi, unasikia sehemu sauti yake inapanda yenyewe bila alama yoyote kumwambia apandishe, na unasikia pale wasikilizaji wanapoanza kuangalia barabarani. Bi mkubwa alikuwa anajibu kama hadithi anaambiwa yeye, "ehee", "masikini", "hata mie nisingemfungulia", na mie nilirudi nyumbani usiku ule nikaipanga upya sura nzima kufuata pumzi za yule binti.

Na yule binti mwenyewe kumbe naye anaandika! Dada akamwambia aache shairi lake, akaliacha. Kesho yake kuna mzee mmoja huwa anakuja kutaipiwa barua za mambo ya mirathi, mzee wa watu mpole, akalishika lile shairi akaanza kuhesabu kwa vidole, unaona vidole vinagonga paja, nane, nane, nane, nane. Alafu akaliimba. Maana shairi huimbwa, sisi wa siku hizi tunalisoma kama tangazo tukasahau. Naikumbuka mishororo miwili ya mwanzo,

Baba yangu baharini, huondoka na usiku,
Mama hubaki nyumbani, hulala kwa dukuduku,

mzee akaiimba kwa mahadhi ya zamani, taratibu, akifika kwenye kina anakivuta, na muuza kahawa aliyekuwa anapita na birika lake akasimama mpaka ubeti ukaisha. Pembeni mzee akaandika kwa penseli "Vina safi. Kituo kikazwe." Kituo ni ule mshororo wa mwisho wa ubeti. Binti alivyokuja kuchukua alisoma yale maneno manne hata sijui mara ngapi.

Maoni ya penseli mengi ni mafupi hivohivo na ndo raha yake. "Mbona mama yake hajaambiwa?" "Huyu Hamisi namjua, anakaa Makorora." "Hapa nimelia." Kuna mmoja aliandika "Mashemeji hawasemeshani hivi" akaeleza robo ukurasa mashemeji wa pwani wanasemeshana vipi, na maelezo yake yalikuwa matamu kiasi kwamba nilitamani nimjue niongee naye.

Watu wanasema Tanga mji wa waungwana, maneno tunayo, na ni kweli, hapa ndo nyumbani kwa Shaaban Robert, kazaliwa Vibambani mwaka 1909, na yule bwana hakuwa anakaa anaandika tu, alikuwa karani wa forodha, Pangani huko alifanya kazi, barua na hesabu za serikali mchana na maneno yake kwa wakati wake. Na kabla yake enzi za Mjerumani gazeti la Kiongozi lilikuwa linatolewa hapahapa Tanga, shuleni. Kwahiyo si kwamba mji hauna historia ya kuandika. Tatizo ni kwamba mtu anayeanza leo, asiyesoma chuo, asiyejuana na mchapishaji Dar, hajui aanzie mlango gani. Maktaba ya mkoa ipo na naiheshimu, nimesoma vingi sana pale, ila maktaba unakwenda kusoma vya waliokwisha kuandika, hapa kwenye benchi unapeleka cha kwako kikiwa bado kibichi.

Kitu kingine, steshenari ni sehemu ambayo maneno yote ya mji yanapita. Sikuwahi kulifikiria hili mpaka nilipoanza kukaa pale. Kadi ya mchango wa harusi, katiba ya kikundi cha kina mama cha kuweka na kukopa, mkataba wa kupanga chumba, barua ya kuomba kazi bandarini, ratiba ya hitma, tangazo la mbuzi aliyepotea (lilikuwepo kweli, na picha), yote yanataipiwa na dada yuleyule anayetaipu hadithi yako. Ukikaa unasikia mama anamwambia "usiandike hivo, andika kiungwana, asije akasema nimemtukana", na dada anauliza "tuandike 'nakukumbusha' au 'naomba nikukumbushe'?", na mama anafikiri kwanza. Lile fikira la yule mama juu ya maneno mawili, kwenye barua ya kudai hela yake mwenyewe ya vitenge, ni kazi ileile naifanya mie usiku na kaunta buku yangu. Mazungumzo kwenye hadithi zangu yamebadilika tangu nianze kukaa pale, watu wangu wanaongea kama watu.

Kuna wanaouliza, sasa kazi ikikaa benchini si itaibiwa? Nimemuuliza dada, yeye ndo maana anaweka sehemu tu, na chini ya kila ukurasa anaweka tarehe. Na kisheria hakimiliki yako inaanza pale unapoiandika kazi, Sheria ya Hakimiliki ya 1999 haikulazimishi kusajili kwanza ndo ulindwe, ila kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ni jambo zuri ukishamaliza, unakuwa na karatasi mkononi. Na ukifika hatua ya kitabu chenyewe, namba ya ISBN, ile ya kukitambulisha kitabu, inatoka Bodi ya Huduma za Maktaba. Hayo nimeyajulia palepale kwenye benchi kwa mtu aliyekuwa anaprinti fomu zake. Dada pia ameshaandaa miswada ya watu waliotaka kupeleka kwenye Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ile inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, kwahiyo ukimpa masharti yao yalivyoandikwa, nafasi kati ya mistari, namba za kurasa, jina lisionekane wapi, anayafuata moja moja bila kukwambia "hiyo haina shida".

Bei. Kutaipu ukurasa buku moja, yaani elfu, mashairi na yenyewe buku ingawa yana kazi zaidi ya kupanga. Printi nyeusi mia mbili, kopi mia. Kubaindi inategemea unene, ya kwangu ya kurasa sitini na kitu nimelipa buku mbili na jero. Daftari likiwa kubwa anakubali ulipe kidogo kidogo, sura kwa sura, na hili kwa mtu wa kipato changu ndo limefanya riwaya isogee. Kazi anakutumia kwa wasapu na kwenye flashi, zote mbili, hadai hela ya ziada.

Mapungufu sasa. Printa ni moja, ikigoma mmegoma wote. Umeme ukikata anasimama mpaka urudi, jenereta hana, kuna kipindi nilisubiri sura yangu karibu wiki. Spairo kubwa za mswada mnene mara nyingi hana, itabidi ununue mwenyewe mjini ulete. Msimu wa wanafunzi wa vyuo kukabidhi ripoti usiende kabisa, foleni inafika barabarani na yeye anakuwa amechoka, hakujibu vizuri. Na benchi likipigwa na jua la mchana halikaliki, kibaraza ni kifupi, mvua ya masika ikija upande ule inabidi nakala iingizwe ndani. Angepata hata turubai tu. Nimemwambia tutachanga, waandishi tunaopeleka kazi pale tumeshafika wachache wa kujuana kwa sura, na mie mabati na misumari napata kwa bei ya dukani.

Kuna jambo moja sikubaliani nalo, ni maoni ya penseli kufutwa. Nakala ikijaa anafuta ili wengine waandike, mie naona zingetolewa kopi kwanza mwenye kazi apewe. Nimemwambia, amesema ataanza. Mpaka hapo, we pitia kazi yako kila baada ya siku mbili upige picha kurasa.

Kama unakwenda, nenda baada ya alasiri, Jumatatu mpaka Jumamosi, Ijumaa mchana anafunga kwa sala. Mwandiko wako uwe unasomeka, acha nafasi pembeni, andika namba za kurasa juu. Na kama ni mashairi mwambie mapema kabla hajafungua faili, ili aweke tabo kwanza.